Muulize Fundi Cherehani: Mashine ina mbio, ngozi inaharibika

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi viatu na mikanda hapa Igoma, Mwanza. Siku zote nilikuwa nashona kwa mkono na kwa ile mashine ndogo ya kuzungusha. Mwaka huu nimepata cherehani ya kiwandani iliyotumika, ile ambayo futi yake, yaani mguu unaokandamiza ngozi, inatembea pamoja na ngozi. Mashine yenyewe ni nzima, shida ni mwendo. Nikigusa tu pedali inachomoka, na sindano inapita kona kabla sijaachia mguu. Mikanda ya mteja imeniharibikia hivyo hivyo, na tundu likishaingia kwenye ngozi halizibiki. Jirani yangu, fundi umeme, anasema tufunge swichi ya kupunguzia feni kwenye waya wa mota. Mwingine anasema nitoe mota nzima ninunue sevo, ile mota inayozunguka pale tu unapokanyaga pedali. Puli ya mota nimeipima, ni milimita 100. Gurudumu la mashine pale mkanda unapokaa ni milimita 70. Kibao cha mota kimeandikwa 1425. Nifanyeje?
Fundi viatu, Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vema kupima kabla ya kuuliza, maana vipimo hivyo vitatu ndivyo vyenye jibu lako.

Kwanza, swichi ya feni usiifunge. Jirani yako hakutakii mabaya, ila mota hii si ya namna anayoifikiria. Yako ni mota ya klachi, ile inayozunguka muda wote na pedali inaishikisha tu na mashine. Inazunguka kwa kufuata mapigo ya umeme wa gridi, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde, na idadi ya ncha za sumaku zilizosukwa ndani yake. Yako ina ncha nne, ndiyo maana imeandikwa 1425, yaani mizunguko kwa dakika. Zenye ncha mbili huandikwa karibu na 2850. Ukiibania umeme haipungui mwendo kwa adabu. Inapungua nguvu, inavuta kwa shida, inapata joto, na mwishowe koili zinaungua. Feni inavumilia kwa sababu kazi yake ni kusukuma hewa, na ikienda taratibu hewa nayo inakuwa nyepesi kuisukuma. Ngozi ya ng'ombe haina huruma hiyo. Iwe unakwenda mbio au pole, sindano inahitaji nguvu ileile kutoboa. Zile cherehani ndogo za nyumbani zinazokubali kupunguzwa kwa pedali ya umeme zina mota ya kaboni, ukoo mwingine kabisa.

Sasa tuje kwenye puli. Mzunguko mmoja wa gurudumu la juu ni mshono mmoja. Chukua 1425, zidisha kwa 100, gawa kwa 70: unapata mishono 2,036 hivi kwa dakika, yaani 34 kila sekunde. Ukiweka mshono wa milimita 4, mkanda wa kiuno wa mita moja unaumaliza upande mmoja kwa sekunde saba na nusu. Hakuna mkono unaoongoza ngozi kwa kasi hiyo. Aliyeifunga puli ile alikuwa anashona mashuka au magunia, siyo mikanda.

Toa puli ya 100, weka ya 45. Mishono inashuka hadi 916 kwa dakika, na nguvu inayofika kwenye sindano inapanda zaidi ya mara mbili, kwa mota ileile na umeme uleule. Hapo ndipo ninapotaka ushike, mwanangu. Mwendo unaopunguzwa kwa puli unageuka kuwa nguvu, na mwendo unaopunguzwa kwa kubana umeme unakwenda na nguvu yako. Usishuke chini ya 45 sana, maana mkanda wa mota ukipinda mno unateleza na kupasuka mapema.

Puli ukiikosa madukani, fundi wa kuchonga vyuma pale Nyakato anakuchongea ya aluminiamu. Usimpelekee maneno, mpelekee puli ya zamani mkononi, apime tundu la shafti na mfereji wa ufunguo (ule mkato unaozuia puli isiteleze kwenye shafti) kwa venia, kile kipimo cha kubana. Mfereji wa mkanda nao ulingane na ule wa puli ya zamani. Mkanda wako wa sasa utakuwa mrefu kwa inchi tatu na kitu, kwa hiyo soma namba iliyo mgongoni mwake ununue mfupi zaidi, au shusha mota kama mabano yake bado yana nafasi. Ukishafunga, bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ubonyee kama sentimita moja na nusu. Ukikaza kama waya wa gitaa, beringi za mashine ndizo zitakazolia.

Kabla hujashika spana, nakuomba sana: zima swichi, kisha subiri. Ndani ya mota ya klachi kuna gurudumu zito ambalo huendelea kuzunguka baada ya umeme kukatika, na ukikanyaga pedali wakati huo sindano inashuka kama kawaida. Vidole vya mafundi wengi vimechomwa wakiwa na hakika kwamba mashine imezimwa. Kanyaga hadi liishe lote ndipo uweke mkono.

Gurudumu hilohilo, lakini, ndilo linaloipa klachi sifa yake. Linatunza nguvu, na ndiyo maana klachi iliyorekebishwa vizuri inatoboa ngozi nene hata kwa mshono mmoja mmoja. Angalia fimbo inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye mkono wa klachi. Ule mkono una matundu. Ihamishie fimbo kwenye tundu la mbali zaidi na mota, mguu upate safari ndefu na klachi ishike polepole. Kama bado inashika kwa kushtuka, fungua uangalie koki yake, kile kipande kama kizibo cha chupa kinachoshika gurudumu. Ikiwa imeng'aa kama kioo, ipitishe msasa laini. Halafu ujifunze kutumia mguu mzima: vidole vinaendesha, kisigino kinafunga breki. Kwenye kona yenyewe achia pedali, zungusha gurudumu kwa mkono mshono wa mwisho, sindano ibaki ndani ya ngozi, inua futi, geuza.

Kwa kandambili na mikanda ya tabaka mbili, mishono 916 bado ni mingi kwa anayeanza. Hapo ndipo kipunguza mwendo kinapoingia, nami ndicho ninachokupendekezea kuliko sevo. Ni shafti moja juu ya beringi mbili, imefungwa chini ya meza, ina puli kubwa na puli ndogo. Mota inavuta ile kubwa, tuseme ya 150, na ile ndogo ya 50 inavuta mashine. Mwendo unagawanywa kwa tatu: 916 inakuwa 305, mishono mitano kwa sekunde, macho yanaiona mmoja mmoja. Nguvu inazidishwa karibu mara tatu. Kitu hiki fundi wa kuchomelea na fundi wa kuchonga wakishirikiana wanakitengeneza hapa hapa mjini. Wasimamie kwenye jambo moja: puli zikae kwenye mstari mmoja na zinazozivuta, na beringi ziwe na nafasi ya kusogea ili kila mkanda ukazwe peke yake. Mikanda isikatishwe msalaba, mashine itazunguka kinyume.

Sevo ni kitu kizuri. Haipigi kelele, hailambi umeme ukiwa umeachia mguu, na ina kitufe cha kuweka kikomo cha mwendo. Ukiwa na fedha, nunua. Ila usiitegemee peke yake, na sababu utaiona kwenye barua inayofuata.

La mwisho kwako: ukipata mwendo mzuri, usiuharibu kwa sindano. Mashine nyingi za futi inayotembea hutumia sindano za 135x17, ambazo ncha yake ni ya kitambaa. Za ngozi ni 135x16, ncha yake inakata. Zinaingia mahali palepale, kwa hiyo thibitisha mfumo wa sindano wa mashine yako kisha uombe ya ngozi kwa namba.

SWALI: Shikamoo baba. Mimi nashona pochi za ngozi ya sangara hapa Kirumba. Cherehani yangu ni ya meza, ya vitenge, na nimeshafunga sevo. Nikiiweka kwenye mwendo wa chini kabisa, ikifika kwenye maungio yenye tabaka nne inakwama na kulia tu. Nikiongeza mwendo inapita, lakini inarukia nje ya mstari. Pia futi inakwaruza ngozi.
Mama wa pochi, Kirumba

JIBU: Marahaba binti yangu. Sevo haina lile gurudumu zito la klachi, na nyingi za bei nafuu nguvu yake ni ndogo pale inapoanza kuzunguka. Usiibane kwenye kitufe. Weka puli ndogo ya 45 kwenye mota, halafu pandisha kitufe kidogo. Mota itazunguka haraka, mahali ilipo na nguvu, na sindano itakwenda pole. Pale kwenye tabaka nne, punguza unene kwanza kwa kisu cha kukwangulia, kwa ndani, sentimita moja kutoka ukingoni. Mashine ya vitenge haikuumbwa kwa unene huo, na puli haitabadilisha ukweli huo.

Kukwaruza kunatokana na vile vifuko vilivyoshika magamba. Vimefunguka kuelekea mkiani. Pitisha kidole: upande mmoja ni laini, upande mwingine unashika. Shona kutoka kichwani kwenda mkiani, futi ipande juu ya vifuko badala ya kuingia chini yake. Mahali ambapo umbo la pochi halikuruhusu, tumia futi ya plastiki nyeupe au yenye kigurudumu. Na mshono usipungue milimita 3. Matundu yakisongamana kwenye ngozi nyembamba kama hiyo, inachanika kwenye mstari siku mteja atakapoijaza pochi.