Kabla hujanunua monita ya 4K, kagua kwanza matundu ya laptop yako

Wadogo zangu mnaoanza kazi za uhasibu, usanifu wa picha na uandishi wa programu, swali mnaloniuliza kila mara ni hili: ninunue monita ipi? Nami hujibu kwa kuuliza: laptop yako ina matundu gani? Monita ya 4K ina pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, mara nne ya zile za Full HD. Mzigo wote huo unatoka kwenye laptop na kupita kwenye tundu, adapta na kebo, na kila kimoja kina kikomo chake. Kimoja tu kikiwa dhaifu, monita ya bei mbaya itaonyesha kile ambacho hicho dhaifu kimeweza kupitisha, basi.

Chukua ThinkPad T480, ambayo wengi wenu mnayo kwa sababu mashine zake za mtumba zinapatikana kwa urahisi Nairobi na Dar. Ubavuni ina HDMI, na mtu akiiona tu anachomeka hapo. Picha inakuja, tena safi, kila mtu anafurahi. Lakini HDMI ya mashine ile ni toleo la 1.4, na kwa 4K toleo hilo linaishia picha 30 kwa sekunde. Sogeza kipanya haraka toka kona hadi kona: mshale hautelezi, unarukaruka. Buruta dirisha la Excel, utaona linakuja nyuma ya mkono wako. Fanya kazi hivyo kutwa nzima, macho yatachoka na hutajua kwa nini. Mashine hiyo hiyo ina USB-C inayotoa DisplayPort 1.2, njia nyingine ya kupeleka picha kwenye monita, na huko 4K inapita kwa 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, bila tabu. Kinachotakiwa ni kebo moja ya USB-C kwenda DisplayPort. Nawasihi sana, msikimbilie kubadilisha laptop nzima kwa tatizo la kebo.

Ndiyo maana nasema picha kutokea si mwisho wa kazi. Kwenye Windows 11 bofya kulia kwenye desktopu, ingia Display settings, halafu Advanced display, chagua monita ya nje na usome Hz. Ukikuta 30, kuna mahali pamebana. Jaribu pia menyu ya monita yenyewe kwa vitufe vyake, kwa kuwa baadhi ya monita huja na tundu la HDMI likiwa limepangwa kwenye toleo la 1.4. Ukilihamishia 2.0 mambo hunyooka, mradi laptop nayo inaliweza hilo toleo.

USB-C ndiyo inayowaponza wengi. Umbo ni moja, kazi mbalimbali. Kuna matundu yanayochaji na kuhamisha mafaili tu. Hayo hayatoi picha hata ununue adapta ghali kiasi gani. Tazama pembeni mwa tundu kama kuna alama ya DisplayPort, herufi D na P zilizoungana, au alama ya radi. Usipoiona usikate tamaa, maana watengenezaji wengine hawaichori. Andika namba kamili ya modeli yako, tafuta sifa zake kwenye tovuti ya mtengenezaji, na usome mstari unaohusu DisplayPort. Kebo nayo ni hivyo hivyo. Ile ya chaja ya simu mara nyingi haina nyaya za kubeba picha, kwa hiyo skrini ikibaki nyeusi badilisha kebo kwanza kabla ya kumwita fundi.

Habu, yaani vifaa vya kuongezea laptop matundu, za bei rahisi zina mtego wake: mbele ya boksi 4K kwa maandishi makubwa, nyuma 30 Hz kwa maandishi madogo. Geuza boksi usome. Na kebo yenye HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili kwa kawaida hupitisha picha kuelekea upande mmoja tu, kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita. Wenye laptop ya HDMI peke yake, tumieni tundu la HDMI la monita, na kebo iwe imeandikwa Premium High Speed.

Wenye MacBook Air ya M1: inakubali monita moja tu ya nje. Msinunue mbili.

Maandishi yakiwa madogo mno, usishushe resolusheni, yaani idadi ya pikseli, utakuwa umeutupa ubora ulioulipia. Ongeza Scale, yaani ukubwa wa maandishi na vitu vya skrini, kwenye Display settings. Kwa monita ya inchi 27 mimi huweka asilimia 150. Nafasi ya kazi inakuwa kama ya 2560 kwa 1440, ila herufi zinakuwa kali zaidi. Programu za zamani zikionyesha ukungu baada ya hapo, toka kwenye akaunti yako ya Windows uingie tena.

Siku ya kununua, beba laptop, chaja na kebo utakayoitumia. Mwombe muuzaji akuwashie monita, chomeka mwenyewe, fungua Advanced display hapo hapo kaunta. Ukiiona 60 Hz na 3840 kwa 2160, lipa.