Waliohubiri Nyikani: Maswali Kuhusu Wapresbiteri wa Uskoti

*Mimi ni mshirika wa PCEA, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki. Nasikia huko Uskoti, walikotoka wamisionari wetu, wachungaji waliwahi kufukuzwa makanisani. Walikosa nini?*

Walikataa kutawaliwa na maaskofu, kwani Wapresbiteri huongozwa na wachungaji na wazee wa kanisa. Mfalme Charles II alirudi madarakani mwaka 1660, akaurudisha uaskofu. Sheria ya 1662 ikamtaka kila mchungaji aliyepewa usharika tangu 1649 apate kibali cha bwana mwenye haki ya uteuzi na cha askofu. Takriban theluthi moja ya wachungaji waliona afadhali watoke, wakaacha nyumba, mshahara na watoto waliowabatiza. Anayesema waligombea vyeo anawaonea. Kwao Kristo peke yake ndiye kichwa cha Kanisa.

*Walisali wapi?*

Kwanza majumbani na ghalani, halafu nyikani, hasa kusini-magharibi. Walinzi walikaa vilimani kuwaangalia askari wapanda farasi. Kuanzia 1670, aliyehubiri kwenye mkutano wa nyikani alistahili kifo kisheria, na waliohudhuria walitozwa faini. Hata hivyo watu walikuja kwa maelfu, wakabatizisha watoto na kushiriki meza ya Bwana kwenye majani.

Mchungaji Alexander Peden, aliyeondolewa usharika wa New Luce, alijificha nyuma ya kinyago cha ngozi chenye nywele na ndevu. Kimehifadhiwa makumbusho ya Edinburgh. Mwaka 1673 alikamatwa, akafungwa Bass Rock, jabali lililo baharini. Mwenzake John Blackadder alifungwa hapo mwaka 1681 na hakutoka hai. Nawakumbuka pia wenye nyumba waliowapa wachungaji hao chakula na malazi wakijua wazi gharama yake.

*Ni kweli walishika silaha?*

Wengine ndiyo, na tusilifiche. Mei 1679 baadhi yao walimuua Askofu Mkuu James Sharp mbele ya binti yake. Mateso waliyopata hayaihalalishi damu ile. Juni walilishinda jeshi la mfalme katika vita vya Drumclog, kisha wakavunjwa katika vita vya Bothwell Brig. Mamia ya mateka walizuiliwa Edinburgh kando ya makaburi ya Greyfriars, kanisa lilipotiwa saini Agano la 1638, kiapo cha Waskoti cha kuitetea imani yao ya Kipresbiteri. Desemba, meli iliyowapeleka baadhi yao uhamishoni ng'ambo ilizama kwenye visiwa vya Orkney, wakafa zaidi ya 200.

*Yaliisha lini?*

James Renwick, mhubiri wa nyikani, alinyongwa Edinburgh Februari 1688, akiwa na miaka 26. Mwaka huohuo Mfalme James VII alikimbia nchi, na 1690 Kanisa la Uskoti likarudi kuwa la Kipresbiteri. Wale waliofukuzwa 1662 wakaruhusiwa kurudi kwenye sharika zao. Waliokuwa bado hai walikuwa wazee wachache.