Ufunguo unakaa na nani?

Swali lenu la kura la wiki hii kwa wasomaji linauliza kama mwalimu wa muda anafaa kuachiwa darasa wakati wa dharura. Nimelisoma nikiwa kwenye matatu ya Umoja na likaniuma. Jibu langu la haraka ni ndiyo. Kidato cha pili hawajui nani analipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na nani analipwa na bodi ya shule. Wanamjua aliyesimama mbele yao. Lakini mngeanza kwa kuuliza kama huyo mwalimu ameonyeshwa milango.

Niliwahi kushikilia vipindi vya Kiswahili katika shule moja ya kutwa huku Eastlands, mwenye somo akiwa kwenye likizo ya uzazi. Nilipokewa vizuri: ratiba, kitabu cha fasihi, chaki, choo cha walimu, mahali pa chai. (Chai yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.) Habari za moto hazikutajwa.

Alasiri moja stima ilipotea, kisha ikarudi kwa kishindo. Sanduku la swichi lililo chini ya ngazi likaanza kutoa moshi mweusi unaonuka plastiki, na stima ikakatika tena. Kengele ya shule ilikuwa ya umeme, kwa hiyo haikulia. Tulichosikia huko ghorofani ni mtu akigonga debe na kupiga mayowe. Ngazi ilishajaa moshi. Mwisho wa varanda palikuwa na ngazi nyingine, yenye geti la vyuma na kufuli, kusudi wanafunzi wasichomoke kwenda kununua chipsi.

"Ufunguo uko wapi?"

"Unakaa na mwalimu wa zamu, mwalimu," kiranja akanijibu.

Na mwalimu wa zamu ni nani leo? Kimya. Ndipo kijana mmoja wa nyuma, wa wale wanaotolewa nje kila wiki kwa kelele, akapita katikati yetu, akalivuta kufuli chini, akalizungusha kidogo, likafunguka. Hakuna aliyemuuliza lolote. Tulishuka.

Uwanjani sikuwa na rejista. Hukaa na mwalimu wa darasa. Majina niliyoyajua hayakufika nusu. Nikawaambia kila mmoja amshike mkono anayeketi naye dawati moja. Msichana mmoja akabaki amesimama peke yake, mkono wake hauna wa kuushika, na mimi nikahisi tumbo linakatika. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba mwenzake alipewa ruhusa ya kwenda hospitali tangu asubuhi. Karatasi ya ruhusa ilikuwa stafurumu. Moshi ulikwisha, hakuna aliyeumia. Kijana wa kufuli akaitwa ofisini aeleze amejuaje siri ile, na kufuli jipya likanunuliwa.

Wanaodhani nakuza mambo wakumbuke shule ya sekondari ya Kyanguli kule Machakos, Machi 2001. Vijana 67 walikufa kwa moto wa bweni: mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma. Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje na isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani. Mwongozo upo, na kufuli jipya nalo lipo.

Sasa nikijisoma hapa juu naona ndiyo yangu imeanza kulegea. Siku ile darasa liliokolewa na mtoro, si mimi wala mpango wowote wa shule. Kwa hiyo andikeni kwamba nimepiga kura ya hapana: mwalimu wa muda asiachiwe darasa mpaka azungushwe ngazi zote, apewe orodha ya waliofika siku hiyo, na aambiwe ufunguo unakaa na nani. Hiyo ni kazi ya robo saa kabla ya kipindi cha kwanza. Shule isiyoweza kuipata robo saa hiyo basi isimtafute yeye wa kulaumu. Na walimu wa kudumu nao waulizwe maswali hayo hayo, kwa sababu siku ile stafurumu nzima ilikuwa uwanjani na bado hakuna aliyejua zamu ni ya nani.