Zima transipozi uanze upya

"Kaka, Tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka 34, napiga kinanda kigangoni kwetu, huu ni mwaka wa tisa. Nyimbo zote napiga Do = C, wimbo ukinibana nabonyeza transipozi. Nota za mistari sizijui hata moja. Natamani siku moja nipige ile miziki ya kina Bach. Je, nimeshachelewa?"

Milele amina, mdogo wangu. Ujumbe wako uliingia Jumatatu usiku nikiwa ndiyo kwanza nimevua viatu, na nimeusoma mara nne. Huwa naandikiwa mengi kuhusu kinanda, lakini huu umenigusa kidonda, maana maisha uliyoyaeleza hapo ndiyo yangu ya miaka 18. Acha nikusimulie yaliyonikuta, najua na wengine wengi wenye ndoto kama yako watasoma.

Mimi nimejifunzia kinanda kwenye bonde la Kilombero, kwenye kigango kisicho na umeme. Kinanda kilikuwa cha vibao 61, kinakula betri kubwa sita, na betri zikianza kuchoka katikati ya Misa sauti inalegea kama mtu anayesinzia. Aliyenifundisha alikuwa katekista. Alinionyesha do iko wapi, akanionyesha vidole, akanipa daftari la nota za solfa, zile zinazoandikwa kwa herufi za do, re, mi bila mistari, basi. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa napiga Misa nzima. Wazee walinishika kichwa wakaniombea. Nilijiona nimefika.

Wasiojua transipozi ni nini: ni kitufe kinachohamisha sauti ya kinanda kizima. Wimbo ukiandikwa Do = G, yaani do yake iko kwenye kibao cha G, wewe unabonyeza namba kwenye kioo, kisha unaendelea kupiga kwenye vibao vyeupe vilevile vya C, na kinanda chenyewe ndicho kinachokupeleka G. Ni msaada mkubwa siku ambayo kwaya imeshuka sauti ghafla. Ila mimi nilikifanya mguu wa kutembelea. Kwa miaka 18 mikono yangu ilijua Do moja tu duniani. Vibao vyeusi nilivigusa kwa nadra sana, tena vingine kwa bahati mbaya.

Oktoba 2017 binti wa mama yangu mdogo aliolewa hapa Dar es Salaam, kwenye kanisa kubwa ambalo sitalitaja. Alinisihi nipige mimi. "Kaka, nataka wewe, sitaki mtu mwingine." Nikanunua shati jipya. Tukaambiwa kinanda tusibebe, pale kuna piano. Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, nikafunua kifuniko, nikakuta piano ya mbao ya zamani, vibao 88, haina waya, haina kioo, haina kitufe hata kimoja. Nilipapasa pembeni, nikainama hadi chini. Mwenzangu mmoja wa besi akaniuliza nimeangusha nini.

Wimbo wa mwanzo ulikuwa Do = A fleti, kile kibao cheusi kilicho kushoto tu mwa A. Hebu kaa mbele ya kinanda uitafute A fleti sasa hivi. Do ni kibao cheusi. Re, cheusi. Mi, cheupe. Fa na so, vyeusi. La na ti, vyeupe. Mimi nilizoea kubonyeza namba kwenye kioo nikaendelea na maisha. Nikamwomba mwalimu wa kwaya tuimbe Do = C. Kutoka A fleti kwenda C ni kupandisha hatua nusu nne, na sauti ya kwanza walipofika kwenye kiitikio walikuwa wanapiga ukunga. Maharusi wako katikati ya kanisa, wanatembea. Mwalimu akaninyoshea kiganja: acha. Kwaya ikaendelea bila ala. Misa nzima niliketi mbele ya piano ile nimeweka mikono magotini, na kila aliyekwenda kupokea komunyo alipita mbele yangu.

Baada ya Misa mwalimu mmoja wa muziki aliyekuwa mgeni pale alinisogelea, akasema mbele ya wanakwaya: "Wewe si mpiga kinanda. Wewe ni mbonyeza vitufe." Watu wakacheka. Miaka imepita na bado nalisikia lile neno kwa sauti yake. Alikuwa na haki ya kunirekebisha. Haki ya kunidhalilisha mbele ya watu waliokuwa wakiniheshimu hakuwa nayo, na mpaka leo nasema hivyo.

Miezi iliyofuata nilikaa mbali na kinanda, haina haja ya kuieleza.

Mwaka 2018 nikakutana na sista mmoja mzee aliyewahi kufundisha muziki seminarini. Nilimweleza yote. Hakunipa pole. Alikwenda chumbani akarudi na karatasi mbili za fotokopi zilizofifia, akaniambia: "Hii iko Do = C, kwa hiyo huna pa kujificha." Ilikuwa Preludi ya C, muziki mfupi wa kutangulia mwingine, ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach.

Nikafanya ujanja wa kila mtu wa solfa: nikachukua penseli nikaandika chini ya kila nota do, mi, so. Nilipomrudishia aone, alifungua pochi akatoa ufutio, akafuta zote taratibu, mstari kwa mstari, akapuliza vumbi, akanirudishia karatasi. Akasema ubongo ukiona herufi hausomi mistari. Ndugu yangu, hapo ndipo nilipoanza kujifunza muziki, nikiwa na miaka 35. Mwaka mmoja zaidi yako.

Nikuonyeshe jinsi kipande cha kwanza kilivyo, yaani nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota, upate hamu. Mkono wa kushoto unapiga do, kisha mi, na unazishikilia zote mbili, huziachii. Mkono wa kulia unapanda so, do, mi, unarudia so, do, mi. Halafu mzunguko wote unarudiwa tena. Kipande cha pili: do, re, kisha la, re, fa. Cha tatu: ti, re, kisha so, re, fa. Cha nne kinakurudisha nyumbani pale ulipoanzia. Hakuna zaidi ya hapo kwa namna ya upigaji, vipande 35 karibu vyote vinakwenda hivyo hivyo, nota moja baada ya nyingine. Ila sikiliza kinachotokea ndani yake. Kuanzia kipande cha 24 besi inakanyaga so na haitoki, vipande vinane, huku juu yake sauti zinabanana, zinafunguka, zinabanana tena, mpaka kifua kinakukaza. Kisha kwenye kipande cha 32 besi inashuka kwenye do ya chini. Kwenye kinanda cha vibao 61 hiyo do ndiyo kibao cha kwanza kabisa upande wa kushoto. Mara ya kwanza nilipofika pale bila kukosea nilivua hedifoni nikakaa gizani. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja, mke na watoto wamelala, saa tano usiku, na sikuwa na wa kumwambia.

Ilinichukua miezi mitano. Nilipompigia sista, alisikiliza macho yamefumba, kisha akasema: "Vizuri. Zimebaki 23."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba preludi ile ni mlango wa kitabu ambacho Bach alikikamilisha mwaka 1722, chenye preludi na fugi (muziki ambao sauti zinaingia moja moja zikiigana) katika kii zote 24, yaani kila Do unayoweza kuanzia, kubwa (meja) na ndogo (maina): C, kisha C ndogo, kisha C shapu, anapanda hivyo mpaka B. Na kwenye ukurasa wa kwanza aliandika kwamba ni kwa faida ya vijana wenye kiu ya kujifunza, na pia wale walioiva tayari. Mtu alikaa chini karne tatu zilizopita akaandika dawa ya ugonjwa wangu! Mimi niliishi mlangoni miaka 18 nikidhani ndiyo nyumba.

Na huyo Bach msimwone kama sanamu lenye nywele za bandia. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa kama mimi na wewe. Mwaka 1705, akiwa na miaka 20 na kazi yake katika mji wa Arnstadt, Ujerumani, aliomba ruhusa ya wiki nne akatembea kwa miguu kwenda Lübeck, karibu kilomita 400, amsikilize Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri wa kanisa la huko, akipiga. Ni mwendo unaokaribia wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Akakaa huko karibu miezi minne. Aliporudi wakubwa wa kanisa walimweka kikao, wakamlaumu kwa kuchelewa, tena wakamlaumu kwamba anaingiza nota ngeni kwenye nyimbo mpaka waumini wanachanganyikiwa. Niliposoma hilo nilimkumbuka yule mwalimu wa harusini, nikapata nguvu. Hata Bach alisemwa kanisani.

Sasa unaniuliza ufanye nini. Zima transipozi. Bandika karatasi juu ya kile kitufe ukibidi. Zima na midundo ya kinanda, ile inayokupigia ngoma na besi wewe ukishika kodi (nota kadhaa kwa pamoja) kwa mkono wa kushoto, maana inaulemaza mkono huo na siku ya Bach utagundua hauwezi kutembea peke yake. Chukua wimbo mmoja unaoujua hata usingizini, upige kwenye Do mpya kila wiki. Anza na Do = G, ina kibao cheusi kimoja tu, nacho ni ti. Kisha Do = F, nayo ina kimoja, nacho ni fa. Halafu D, halafu B fleti, hivyo hivyo mpaka uifikie A fleti. Pole pole. Dakika 20 kila siku zinatosha, ila ziwe kila siku. Mimi natoka kazini saa mbili usiku, napanda daladala mbili, na dakika 20 sijawahi kuzikosa isipokuwa nikiwa mgonjwa au msibani. Na hiyo transipozi, nimesema, izime.

Kusikiliza nako ni kazi. Wengi mnaniambia muziki wa klasiki unawapa usingizi. Si kweli kwamba hamuupendi! Kila Pasaka kwaya zetu zinaimba Aleluya Kuu, watu wanasimama, mama zetu wanatoa machozi. Ile ni ya mtunzi Handel, aliyezaliwa mwaka mmoja na Bach, 1685. Aliiandika mwaka 1741 ndani ya Masihi, kazi nzima kwa siku 24 tu, na ikasikika mara ya kwanza Dublin mwezi Aprili 1742. Unaipenda kwa sababu umeiimba, sauti yako unaijua ndani nje. Basi fanya vivyo hivyo na nyingine: chagua muziki mmoja mfupi, usikilize wiki nzima kwenye daladala, na sikio lako lifuate besi peke yake. Wiki inayofuata fuata sauti ya juu. Sisi wa kwaya tumepewa masikio ya sauti nne toka utotoni, halafu tunakaa tukisema muziki ule ni wa wenyewe.

Na msiniletee habari ya kukosa vifaa. Kinshasa kuna okestra ya Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu wa Kongo, iliyoanza mwaka 1994, mwanzilishi wake Armand Diangienda alikuwa rubani. Wengi wao walijifundisha wenyewe. Ala zilikuwa chache wakawa wanapokezana, na waya za fidla zilipokatika walifunga waya za breki za baiskeli. Wamepiga Beethoven. Wewe una simu mfukoni na kinanda cha kigango kinacholala bure Jumatatu hadi Ijumaa. Nenda kaombe ufunguo kwa katekista!

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kanisa lile lile, jubilei ya ndoa ya wazazi wa rafiki yangu. Piano iko pale pale, wamebadilisha tu kitambaa juu yake. Wimbo wa mwanzo niliuomba mimi mwenyewe: ule wa harusi ya dada yangu, Do = A fleti. Kidole gumba kikatua kwenye mi, cha shahada kwenye fa, na mikono ikaenda yenyewe, sikuitazama. Baada ya komunyo nikapiga Preludi. Kanisa lilinyamaza mpaka nikasikia feni. Besi iliposhuka kwenye do ile ya chini, piano ya mbao ilitetemeka hadi kwenye nyayo zangu, jambo ambalo kinanda changu cha nyumbani hakijawahi kunifanyia.

Yule mwalimu aliyeniita mbonyeza vitufe alikuwepo. Nilimwona benchi la nne, amezeeka kidogo. Nje alinipa mkono, akaushika muda mrefu, hakusema neno, na mimi sikumdai.

Mdogo wangu wa miaka 34, angalia karatasi ya Misa ya Jumapili hii. Wimbo wa mwanzo ni Do gani? Ukiwa G au F, upige huko huko ulikoandikwa, hata kama mkono wa kushoto utapiga besi tupu. Niandikie Jumapili jioni, nitakuwa macho.