Waliuliza, Tunajibu: Gundi ya Zama za Mawe

Nimesikia kuwa Waneandertali, wale binadamu wa kale waliotoweka, walipika lami kutokana na ganda la mti. Waliipikaje bila chungu? — Msomaji, Tanga

Chungu hakikuhitajika. Mti wenyewe ni betula, wa nchi za baridi. Ganda lake la nje ni jeupe, jembamba kama karatasi, na ukilibandua hujikunja lenyewe. Ndani yake mna betulini kwa wingi, na ganda hilo likiokwa pasipo hewa hutoa lami nyeusi inayonata. Mchoma mkaa yeyote ataelewa haraka: anafukia magogo kwa udongo ili yaive bila kuteketea. Ganda la betula nalo likipata upepo linalipuka moto na kukuachia majivu matupu.

Njia nyepesi ni kuliviringisha ganda likabana sawasawa, kulifunga kwa kamba, kisha kulifukia kwenye majivu ya moto na makaa. Likipoa unalifungua na kukwangua lami iliyobaki kati ya matabaka. Utapata kidogo, tena yenye majivu. Njia ya pili ni kuchimba kishimo chenye kina cha kiganja, kuweka kikombe cha ganda chini, kusimamisha bunda la ganda juu yake na kulifunika kwa makaa. Joto hupenya taratibu kwenda chini na lami hudondoka kikombeni. Ya tatu ndiyo kazi hasa. Juu ya kishimo chenye kikombe hulazwa fito mbichi, kisha kokoto, kisha bunda la ganda, halafu kila kitu hufunikwa kwa udongo uliolowa na moto ukakokwa kukizunguka kwa saa kadhaa. Hii hutoa lami nyingi kuliko hizo mbili, ila inakula kuni, na ufa mmoja kwenye udongo unatosha kukuharibia kazi ya nusu siku.

Zamani iliaminika kuwa joto lazima libaki kati ya nyuzi 340 na 400 za Selsiasi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa kipimo si kikali hivyo. Lami hutoka hata joto likipanda na kushuka, mradi hewa imezuiwa. Ikiwa nyepesi mno, inapashwa tena polepole hadi iwe nzito. Chukua kidogo, kiviringishe vidoleni: kikivutika kama uzi na kuwa kigumu kinapopoa, imekuwa tayari. Kikikatika na kupukutika, umeipitiliza.

Kuna anayesema lami hiyo yathibitisha kuwa Waneandertali walikuwa na akili kama sisi. Ni kweli? — Mwanafunzi wa chuo, Nairobi

Lami peke yake haithibitishi hivyo. Mwaka 2019 watafiti walichoma ganda la betula mahali pa wazi, pembeni mwa jiwe laini lililoinama, na lami ikaganda juu ya jiwe kama masizi yanavyoganda kwenye sufuria. Ukiikwangua kwa kibanzi cha jiwe unapata ya kutosha kushikiza kifaa, bila shimo wala udongo. Kwa hiyo kukuta lami hakutoshi. Lazima tujue ilipikwaje.

Hapo ndipo madonge mawili ya lami kutoka Königsaue, Ujerumani, yanapokuwa na thamani. Moja lina alama ya kidole cha aliyelifinyanga, pamoja na chapa ya mti upande mmoja na ya jiwe upande wa pili. Uchunguzi wa kemia uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa lami yake inafanana na ile inayopikwa chini ya ardhi kwa hewa haba, si ile ya kukwangua jiweni. Kwa maoni yetu huo ni ushahidi mzito kuliko umri wa lami. Vibanzi vya Campitello, Italia, vina lami ya takriban miaka 200,000, lakini umri hautuambii kama mpishi alichimba shimo.

Afrika kusini mwa Sahara hatuna betula. Wahenga wetu walitumia nini? — Msomaji, Kisumu

Walitumia vingi, na hapa ndipo palipo na utamu wa habari. Katika pango la Sibudu, KwaZulu-Natal, vifaa vya mawe vya miaka 70,000 hivi vina mabaki ya gundi ya mimea iliyochanganywa na ngeu, ule udongo mwekundu. Tuchukue gundi ya mgunga: ikikauka ni ngumu lakini dhaifu, kishindo kidogo inapasuka, na unyevu ukiingia inalegea. Unga wa ngeu huipa mwili na kuipunguzia tabia ya kunywa maji. Ukizidisha, inakuwa kama udongo mkavu na kuachia jiwe. Ukiikausha karibu mno na moto inachemka ndani na kujaa mapovu, na pale penye povu ndipo itakapovunjikia.

Mafundi seremala wanaujua mti wa podo. Ndugu yake wa Afrika Kusini alitoa lami iliyokutwa kwenye vifaa vya pango la Diepkloof nchini humo, vya zaidi ya miaka 60,000. Ajabu ni kwamba mti huo hautoi utomvu wa kunata. Majaribio yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kuwa majani yake yakichomwa kando ya jiwe, lami huganda juu ya jiwe, mbinu ileile ya ganda la betula.

Nafundisha historia. Nikitaka wanafunzi waone kibanzi kikishikizwa mpinini, nifuate kipimo gani? Nilijaribu, jiwe likachomoka. — Mwalimu, Mufindi

Mwalimu, uko mahali pazuri, misonobari imekuzunguka. Chukua utomvu wa msonobari gramu 60, nta ya nyuki gramu 20, na unga wa mkaa uliosagwa laini gramu 15. Yeyusha utomvu kwenye kopo juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto. Ukichemka sana unapoteza mafuta yake na gundi inakuwa kama kioo. Uchuje kwa kitambaa kuondoa magome, tia nta, koroga, kisha mkaa kidogo kidogo. Kopo likishika moto lifunike. Usilimwagie maji kamwe.

Jiwe lako yumkini lilichomoka kwa sababu lilikuwa baridi. Gundi ya moto ikigusa jiwe baridi hugandia juujuu tu, haishiki. Pasha kibanzi kando ya makaa mpaka mkono uone joto, pasha na mpasuko wa mpini, ndipo utie gundi. Mpasuko uwe na kina cha kumeza theluthi ya kibanzi. Kingo zitakazoingia ndani zikwaruze kwa jiwe jingine ziwe butu, la sivyo zitakata kamba. Zungusha kano ya mnyama iliyoloweshwa, kwani ikikauka hujikaza yenyewe; uzi wa katani nao unafaa, ila wenyewe haukazi. Malizia kwa tabaka jembamba la gundi juu ya kamba. Ukivuta harufu ya ubani ujue ni utomvu, si hitilafu.

Kama huna mpini, mchanganyiko mwingine ulikutwa kwenye vifaa vya Le Moustier, Ufaransa, kwa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024: lami ya asili, itokayo ardhini, iliyochanganywa na ngeu, ngeu ikizidi nusu ya uzito. Donge hilo halinati mkononi lakini hulishika jiwe, kwa hiyo donge lenyewe ndilo mpini. Wanafunzi wavae miwani unapovunja mawe, na fanyeni kazi hiyo nje. Vumbi la mawe ya aina ya gumegume si la kuvutwa puani.