Kwa mnaoanza kushika dhahabu ya Kifaransa yenye enameli

Jamani, wiki hii tena nimemkuta mmoja wenu anaitosa bruchi ya enameli kwenye mashine ya kuoshea kwa mtikisiko. Nimemnyang'anya. Enameli ni kioo. Ikiwa na ufa wa zamani, mashine hiyo inaumaliza.

1. Soma mihuri iliyogongwa kwenye dhahabu kwanza, sifa baadaye. Kichwa cha tai ni dhahabu ya karati 18, kuanzia 1838, na bado kinagongwa mpaka leo, kwa hiyo chenyewe hakikupi umri wa kitu. Muhuri wa bundi ni wa mali iliyotoka nje ya Ufaransa, tangu 1893. Msiniletee bundi mkaapa ni kazi ya Paris! Herufi za fundi mzitafute ndani ya umbo la almasi.

2. Si kila enameli inayopitisha mwanga ni ya Lalique, yule sonara maarufu wa Kifaransa. Masonara wenzake Feuillâtre na Fouquet nao walifanya. Kuna siku mnunuzi mmoja alibishana nami nusu saa kuhusu bruchi ya kereng'ende, akidai ni ya Lalique, huku herufi za fundi mwingine zinamkodolea macho. Aliyelipia jina alilipa kweli.

3. Geuza kitu, tazama mgongo. Hapa ndipo nilipoungua. Nililetewa bruchi ya enameli ya buluu juu ya dhahabu iliyochorwa kwa mashine, bawaba ya pini imelegea. Kazi ndogo, nikajisemea. Kando ya bawaba palikuwa na doa la kijivu; nikadhani uchafu. Nikawasha moto. Kumbe fundi fulani wa zamani alishalehemu pale kwa risasi na bati, na risasi ikipata moto hula dhahabu. Nikaona uso wa dhahabu unatoboka vishimo, kisha buluu ikalia tii! na nyufa zikakimbia hadi ukingoni. Kichwa cha tai, kilichokuwa papo hapo karibu na bawaba, kikaliwa nacho. Mzee wangu wa kazi aliuliza tu, "Tangu lini risasi ikakaa kwenye moto kwa adabu?" Mwenye mali tulimlipa, na mimi nilikatwa mshahara miezi kadhaa. Ilikuwa haki.

Doa la kijivu likwangue kwa ncha ya sindano: likiwa laini, zima moto.

4. Kiraka cha resini kilichozibia enameli iliyovunjika mara nyingi huumbuka chini ya taa ya urujuanimno: hung'aa tofauti na enameli yenyewe. Zimeni taa za chumba kwanza, maana kuna mmoja wenu huwa anasahau.