Kama ukomunisti haukuwa kosa, walifungwa kwa lipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia kidato cha sita, Morogoro. Wanafunzi wameniuliza jambo likanishinda. Katiba ya Marekani inalinda uhuru wa mawazo, na mwaka 1947 Chama cha Kikomunisti kilikuwa hakijapigwa marufuku. Sasa wale watu wa filamu wa Hollywood walioitwa na kamati ya McCarthy walifungwa kwa kosa gani? Na kwa nini hawakukaa kimya tu?

JIBU: Marahaba. Kwanza tumtoe McCarthy, maana hapo hakuwepo. Watu wa Hollywood walihojiwa Oktoba 1947 na kamati ya Baraza la Wawakilishi ya kuchunguza shughuli zinazopinga Umarekani. McCarthy alikuwa seneta, tena asiyejulikana sana. Jina lake lilivuma Februari 1950, alipodai katika hotuba mjini Wheeling, West Virginia, kwamba Wizara ya Mambo ya Nje imejaa wakomunisti. Wanafunzi huwachanganya kila mwaka, na sishangai.

Kosa waliloshtakiwa lilikuwa kudharau Bunge. Kila shahidi aliulizwa kama ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, au kama amewahi kuwa. Kumi kati yao waligoma kujibu wakitegemea Marekebisho ya Kwanza ya Katiba: serikali haina mamlaka ya kumuuliza raia anaamini nini wala anashirikiana na nani. Hoja nzuri, ila ilianguka. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa, wakaenda jela, wanane kwa mwaka mmoja na wawili kwa miezi sita. Mmoja wao, mwandishi wa filamu Ring Lardner Jr., alipelekwa gereza la Danbury, na humo akamkuta J. Parnell Thomas, mwenyekiti wa kamati ile ile, akitumikia kifungo cha kuandikisha wafanyakazi hewa na kutia mishahara yao mfukoni.

Sasa hilo la kukaa kimya. Njia ilikuwepo: Marekebisho ya Tano, haki ya mtu kutojitia hatiani. Aliyeitumia hakufungwa, ila mtaani alihesabiwa mkomunisti tayari, na kazi ilikwisha. Ubaya zaidi ulikuwa kwenye namna haki hiyo ilivyotumika. Jane Rogers alikuwa mweka hazina wa chama huko Denver. Mbele ya baraza la mashtaka, yaani raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe, alikiri cheo chake, akasema vitabu vya chama ameshavikabidhi kwa mtu mwingine. Nani? Akakataa kumtaja. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ikasema amechelewa: ukishafungua mdomo kueleza jambo linalokutia hatiani, huwezi tena kujificha nyuma ya haki hiyo ukiulizwa undani wake. Kwa hiyo mtu aliyekuwa tayari kusema “mimi nilikuwamo, lakini rafiki zangu siwataji” hakuwa na pa kusimama. Ama ugome tangu swali la kwanza, ama uwataje wote.

Ila jela iliwapata wachache. Wengi walipoteza ajira, na huko ushahidi haukuhitaji hata kuonekana. Tarehe 21 Machi 1947, siku tisa baada ya kuliomba Bunge dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki zisiangukie mikononi mwa wakomunisti, Rais Truman alitoa amri ya kuchunguza uaminifu wa watumishi wa serikali kuu. Dorothy Bailey, mtumishi wa idara ya ajira, alifukuzwa kwa taarifa za watoa habari wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Wakili wake alipouliza ni akina nani, mwenyekiti wa bodi iliyochunguza uaminifu wake alijibu kwamba hata yeye hawajui. Rufaa ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1951 majaji waligawanyika wanne kwa wanne, na kufukuzwa kwake kukabaki palepale.

Wapo pia waliofungwa kwa siasa yenyewe. Sheria ya Smith ya mwaka 1940 ilikataza kuhubiri kuipindua serikali kwa nguvu, na viongozi 11 wa chama walitiwa hatiani kwa sheria hiyo mwaka 1949.

Mambo yalibadilika tarehe 17 Juni 1957. Siku hiyo Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Yates, kwamba kufundisha nadharia si sawa na kuwachochea watu watende. Mashtaka ya Sheria ya Smith yakaishiwa nguvu. Siku hiyo hiyo ilimwondolea hatia John Watkins, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Yeye, mbele ya kamati ile ile ya Baraza la Wawakilishi, alijieleza mwenyewe bila kuficha, akakataa tu kuwataja waliokwisha kukihama chama. Majaji walisema kamati haikumweleza bayana maswali hayo yanahusiana vipi na uchunguzi wake. Wape wanafunzi wako kesi ya Rogers na ya Watkins bega kwa bega, kisha waulize nini kilibadilika ndani ya miaka hiyo sita.